Shikamoo Njia Nzima, Kinyinya Hadi Kahama

Jamani, nimerudi! Na kabla hamjaniuliza tena: ndiyo, nimerudi na Teta.

Tangu Jumatatu kila anayeingia saluni anachungulia nyuma yangu, anamwona mtoto kwenye kiti chake cha plastiki, kisha ananigeukia na macho ya kuuliza. Zubeda hakujisumbua na macho. Aliacha cherehani yake pale mlango wa pili, akaja na tepu shingoni, akasema mbele ya wateja: "Dative, si ulienda kumuacha uyu mutoto Tanzania? Sasa iko hapa inafanya nini?"

Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nasuka watu, huyu akipata kichwa cha habari na yule mkia. Basi naandika yote mara moja, kwa Kiswahili, maana ndicho kinachotukutanisha hapa Gisimenti, Kigali, ninyi mliokulia Kongo na Uganda na sisi wa Karagwe. Mambo ya tiketi na karatasi za mpakani nayaruka. Hayana utamu wowote.

Kwa Jeanne, aliyeanza kazi kwetu majuzi na hajui habari za nyuma: Teta ni binti yangu, ana miaka sita. Ni mwerevu, anasoma namba za kila gari linalopita Kinyinya tunakoishi, na akicheka nyumba nzima inacheka. Lakini likimpanda, limempanda. Anapiga kelele mpaka sauti inakauka, anarusha kilicho karibu, anauma, anajigonga kichwa. Sababu inaweza kuwa mashine ya kukatia vyuma kwenye jengo la jirani. Inaweza kuwa maharage yaliyogusa wali. Ila kubwa kuliko zote ni kushikwa. Nanyi mnatujua sisi Wanyarwanda, mgeni akija hatumsalimii kwa mdomo peke yake. Tunamkumbatia, tunamshika mikono, tunampapasa mgongo, na hatumwachii upesi. Mtoto anayekataa kukumbatiwa anaonekana hana adabu, na lawama ni ya mama yake.

Shule ya kwanza walinirudishia. Ya pili wakanirudishia. Ya tatu mwalimu alilia kabla yangu. Hapo ndipo dada yangu Konsolata wa Kahama, aliyenibeba mgongoni tulipokuwa Karagwe na kulea watoto wa ukoo mzima, akapiga simu: "Mlete kwangu. Nitamnyoosha. Atarudi akimaliza shule ya msingi." Baba Teta akasema sawa. Nami, kwa uchovu niliokuwa nao, nikasema sawa. Mkatuaga vizuri, Mungu awabariki, na Zubeda akamshonea magauni makubwa yenye pindo nene la kukunjuliwa kadiri anavyorefuka huko Kahama. Teta mwenyewe alijua tu kwamba tunakwenda kumwona mama mkubwa.

Kinyinya hadi Kabuga

Tuliondoka alfajiri kwa pikapu ya kazini kwa Baba Teta. Yeye ni msimamizi wa mafundi, na pikapu ile ina mchanga hata kwenye redio. Teta alikaa katikati yetu, ameziba masikio, maana malori ya kokoto Kinyinya hayajui alfajiri wala usiku. Nilikuwa nimefunga chapati, mayai ya kuchemsha na viazi vyake vikavu kwenye bakuli la peke yake, lenye kifuniko, visije vikaguswa na kitu.

Kabuga soko lilikuwa linaamka. Akina mama wanashusha ndizi, vijana wa pikipiki wanagombea abiria, na basi letu la Dar likaja linapiga honi kana kwamba limetukosa siku nyingi. Teta akaanza kutetemeka kwa honi ile. Nikamvuta pembeni, nikamsubiri, ikapita. Nikasema moyoni, moja hiyo, na hata hatujapanda.

Baba Teta alikulia Mbarara, Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Alinipa mabegi akasema, "Ukifika unipigie. Kwa njia usimwambie kitu, ataleta fujo kwa basi. Mimi nitakungoja hapa hapa Kabuga siku unarudi."

Kisha akamtazama mtoto. Mkono wake ulikwenda kichwani kwa Teta, ukasimama hewani, ukarudi mfukoni. Miaka sita na hajapata kumshika mwanawe bila kuumwa. Nilipanda basi haraka nisimwone uso.

Kabuga hadi Rusumo

Sitawadanganya, mwanzo wa safari ulikuwa mtamu. Teta alipata dirisha, na magari ya upande wa pili yakawa yake. Anasoma namba kwa sauti, herufi kwa herufi, na basi zima likamjua kabla ya Kayonza. Milima inapungua, migomba inaongezeka, jua linatoka. Mimi nilikuwa nimechangamka kama msichana anayekwenda arusini, kisha nakumbuka ninakokwenda na kwa sababu gani, nanyamaza.

Kiti cha ng'ambo ya njia alikaa mama mmoja mnene, sauti yake kubwa kuliko injini. Alijitambulisha bila kuulizwa: Mama Nkwabi, Msukuma wa Kahama, anauza mchele, alikuja Kigali kudai wateja wake na kutazama mji. Tangu Kabuga alikuwa anakula. Karanga, kisha ndizi, kisha paja la kuku kutoka kwenye mfuko, bila haya, mbele ya watu wote. Mimi, mnanijua, nilifundishwa kwamba mtu mzima hatafuni njiani akitazamwa. Bakuli langu likabaki limefungwa.

"Mama, mtoto hali?" akauliza.

"Tumeshakula nyumbani, asante."

"Nyumbani wapi? Tumepita Ngoma saa hizi! Mpe mtoto chakula, acha mambo yenu ya Kigali ya kula mmejificha."

Abiria wakacheka. Nikamfunika Teta kwa kitenge changu, akala viazi vyake humo ndani kama mtu anayevuta mvuke wa dawa. Mama Nkwabi alitikisa kichwa akaendelea na kuku.

Darajani

Sasa sikilizeni. Wote mnajua kwamba kwetu magari hupita kulia na Tanzania hupita kushoto. Nimevuka Rusumo mara nyingi na sijawahi kulifikiria hata mara moja. Tulivuka daraja, maporomoko yananguruma chini, abiria wanapiga picha, mambo ya mpakani yakaisha, basi likaondoka. Likashika kushoto.

Teta alisimama juu ya kiti. Baba yake amemfundisha sheria za barabarani tangu anajua kutambaa, na kwake sheria ni sheria.

"Dereva amekosea!" akapiga kelele kwa Kinyarwanda. "Turi ku ruhande rubi! Tuko upande mbaya! Tutakufa!"

Likaja lori mbele yetu, nalo liko upande "mbaya". Hapo likampanda lote. Alipiga dirisha kwa ngumi, akanipiga mimi, bakuli likaruka, viazi vikasambaa hadi kwa dereva. Nilimshika asijiumize, akaniuma kiganjani mpaka nikaona nyota. Na basi zima likawa na ushauri. Mmoja: "Mchape!" Mwingine: "Mpe maji!" Mwingine nyuma huko: "Huyo ana mashetani, aombewe!" Kondakta akaja amekunja uso, akaniambia nikishindwa kumtuliza nitashushwa Benako na mizigo yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema moyoni, Konsolata yuko sahihi, mimi huyu mtoto simuwezi.

Mlio na watoto kama wangu mnajua: halizimwi. Linaungua mpaka kuni ziishe. Kufika Benako lilikuwa limeisha. Teta ameloa jasho, anahema, anatazama barabara kwa jicho moja.

Mama Nkwabi ndiye aliyesema kwanza. Nilidhani atanipa pole. Nilidhani atanitajia mganga wa kwao. Alijifuta mafuta ya kuku akasema:

"Amemaliza?"

"Amemaliza, mama."

"Basi aniamkie. Tangu asubuhi tumekaa pamoja, mtoto mdogo hajaniamkia. Mimi ni sawa na bibi yake."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Mtoto ametoka kupasua basi, yeye anadai heshima yake! Lakini Teta alinigeukia. "Anataka nini?" Nikamweleza polepole kwamba tumevuka daraja, na upande huu una sheria zake. Magari hupita kushoto, yote, hata ya polisi. Na mtoto akimwona mtu mzima anasema shikamoo, naye mtu mzima anajibu marahaba.

"Anakushika?"

"Hapana. Hakuna kushikana. Ni maneno tu."

"Na anajibu marahaba buri gihe?"

"Kila mara. Hawezi kujibu kingine."

Aliwaza. Uso ule wa kuwaza naupenda kuliko kitu chochote duniani. Akachungulia juu ya mapaja yangu, akasema kwa sauti iliyokauka, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikamnong'oneza jibu. "Sijambo."

Akarudi dirishani. Hazikupita hata nguzo mbili za umeme, akachungulia tena. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Jamani! Aliliona tabasamu langu akalirudisha. Akajaribu tena, na tena, kama mtu anayewasha na kuzima taa kuona kama umeme upo kweli. Mama Nkwabi hakuchoka. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumheshimu kiasi kile maishani mwake.

Benako hadi Nyakanazi

Kutoka hapo Teta aliliamkia basi lote. Alisimama kwenye njia ya katikati, hatua mbili kutoka kwa kila mtu, mikono nyuma, akasubiri jibu lake. Wale wale waliosema achapwe wakawa wanajibu marahaba huku wanaona haya kidogo.

Kulikuwa na ajali ndogo ndogo. Dada mmoja aliyejipamba vizuri, kope ndefu, alishtuka: "Mimi? Mimi mzee wa kuamkiwa?" Watu wakaangua kicheko, naye akagoma kujibu. Nikaona ngumi za Teta zinajikunja. Mama Nkwabi akainuka nusu: "We binti, jibu! Jibu upesi, ama umeshasahau kelele za darajani?" Dada akajibu marahaba haraka kama anayemeza kidonge. Kondakta naye alijibu "Poa", akazomewa na viti vitatu kwa mpigo, akajirekebisha. Teta alimwamkia pia mtoto mchanga aliyebebwa. Mama yake mtoto alijibu kwa niaba, na Teta akakubali.

Tulipoacha Nyakahura nyuma, basi likatoa harufu ya kuungua, likasimama. Mkanda umekatika. Katika maisha yangu na Teta, kusubiri bila kujua mwisho ndiyo hukumu ya kifo. Nilishuka nimejikaza kisabuni, natafuta pa kumkimbizia watu wasimwone.

Hakunipa nafasi. Alikuwa ameshafika barabarani kwa mpita njia wa kwanza, mzee wa baiskeli aliyebeba mkaa. "Shikamoo." Mzee akashuka kwenye baiskeli kabisa, akajibu yote mpaka hujambo. Akaja mama na kuni kichwani. Akaja mchungaji na ng'ombe wenye pembe ndefu kama za kwetu. Wakaja walimu wawili wanatoka shule. Kila mmoja aliulizwa, kila mmoja alijibu neno lile lile, na hakuna aliyenyoosha mkono kumshika. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikimtazama. Mwanangu alikuwa katikati ya watu asiowajua, jua linawaka, mipango imeharibika, naye anafurahi. Nililia kwa furaha, nawaambia bila aibu. Mama Nkwabi alinipa mgongo wa kuku nikautafuna pale pale kando ya barabara, mbele ya watu wote.

Ndipo nikamwambia ninakokwenda kumpeleka mtoto. Nilidhani atanishangaa.

"Mwache," akasema, huku anatafuna. "Hata mimi nililelewa na shangazi. Alinichapa sana, na nimekuwa mtu."

"Lakini huyu hachapiki, mama. Umemwona."

"Hilo nalo kweli." Akawaza kidogo. "Mimi nauza mchele, mambo ya watoto siyajui. Ila huyu ananiamkia vizuri kuliko wajukuu wangu."

Mkanda ukapatikana, tukaenda. Nyakanazi basi lilisimama tule, na hapo nikafanya kosa la mtu aliyesahau alikokulia. Nilitaka chipsi za Teta na yai langu. Nikamwambia kijana wa jikoni, "Nipe chipsi, mayai." Akaniletea, bila shaka, chipsi zimekaangwa ndani ya mayai, zimeshikana kama chapati. Viazi vya Teta vimeguswa! Vimeguswa mpaka ndani! Alisukuma sahani ikaanguka, akajitupa sakafuni, tukaanza upya. Wateja wakageuka wote.

Lakini mara hii kitu kimoja kilikuwa tofauti, na kilikuwa kwangu mimi. Sikumkokota nje. Sikumziba mdomo. Nilisogeza viti asijigonge, nikakaa chini sakafuni mbali naye kidogo, nikangoja kuni ziishe. Mama Nkwabi aliziokota chipsi mayai zilizobaki safi juu ya meza akazila, akasema kwake si hasara. Zikaisha kelele, zikaja chipsi kavu, Teta akazila moja moja. Akiwa bado na makamasi aliniuliza, "Kwa mama mkubwa tutalala siku ngapi?"

Nilimpangusa pua kwa kitenge, naye akaniachia, jambo ambalo si la kila siku.

Kahama

Tulifika taa zinaanza kuwashwa. Mama Nkwabi alishuka nasi, akaamkiwa mara ya mwisho, akaondoka na mifuko yake huku anaimba. Nasi tukachukua bajaji mpaka kwa Konsolata.

Sasa, Wanyarwanda waliobaki Tanzania wameshika mila kuliko sisi wa Kigali tuliozirudia. Uani nilikuta ukoo mzima umesimama mstari: Konsolata, mume wake, watoto wao wakubwa, majirani wa Karagwe waliohamia huko, wote wameshanyoosha mikono. Nilipigiwa vigelegele. Nikakumbatiwa mpaka mbavu zikalia, na ilikuwa tamu, nisiseme uongo, sijawaona miaka.

Teta alisimama hatua mbili kutoka kwao. Mikono nyuma. Kwa sauti safi kabisa: "Shikamoo, mama mkubwa."

Moyo wangu ulijaa! Nilitaka kupiga kelele, mwoneni! Lakini Konsolata aliitikia marahaba huku tayari anakwenda. "Shikamoo ya mbali hiyo ya nini? Wewe ni damu yangu! Njoo nikuhobere!" Akamnyanyua juu, akamkumbatia kwa upendo wote aliokuwa ameuweka akiba tangu mtoto azaliwe.

Sitaeleza yote. Sufuria la wali lilikwenda chini. Miwani ya shemeji ilivunjika. Konsolata aliumwa begani, naye hakuachia, akamkaza zaidi, anasema "Nitakushinda, nitakushinda," sauti imetulia kabisa, kama mtu anayemfunga mbuzi. "Dative, toka hapa, niachie mimi. Anakuona unamwogopa, ndiyo maana anakupanda kichwani. Akilia mpaka achoke usiku mmoja, kesho ni mtoto mwingine."

Huyu ndiye dada aliyenibeba. Sijawahi kumpinga, hata kwa simu. Na nilikwenda huko kwa ajili ya hicho hicho alichokuwa anafanya. Nilimwangalia mwanangu mikononi mwake, macho yamemtoka, hayanitafuti hata mimi, na nikajua kama ninavyolijua jina langu kwamba siwezi.

"Dada, mwachie."

"Nini?"

"Mwachie mtoto. Tafadhali. Mwachie sasa hivi."

Alimwachia kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Teta akakimbia, akajipenyeza nyuma ya simtanki, kati ya tanki na ukuta, mahali mtu mzima haingii. Akalia humo mpaka sauti ikawa pumzi tu. Ukoo wote umesimama na mikono iliyokosa kazi.

Nilikaa chini kwenye udongo uliolowa maji ya tanki, na gauni langu la safari, hatua mbili kutoka kwake. Sikuwa na mpango wowote. Nilitafuta neno ambalo halimshiki, nikalipata moja tu.

"Shikamoo, Teta."

Nyuma yangu nilisikia Konsolata anavuta pumzi. "Umerukwa na akili? Unamwamkia mtoto? Mtoto wa miaka sita?"

Sikugeuka. Nikangoja. Nikasema tena, "Shikamoo, Teta." Mbu wananila. Jirani mmoja akaanza kucheka, mwenzake akamnyamazisha. Nikasema tena.

Kutoka nyuma ya tanki ikaja sauti iliyochakaa.

"Marahaba."

Kisha, kwa kuwa yeye hafanyi jambo nusu:

"Hujambo?"

"Sijambo," nikasema, machozi yananitoka.

Konsolata alichukua ufagio akaenda kuzoa wali. Asubuhi yake alinikuta jikoni nikimchemshia Teta viazi. Bega lake lilikuwa na alama ya meno. Alikaa kwenye kigoda, akanisaidia kumenya mpaka viazi vikaisha.

"Mimi siwezi hivyo, Dative," akasema. "Nimelea wengi, unajua. Lakini kukaa chini na kumwamkia mtoto, siwezi. Ningemvunja, ama angenivunja."

"Najua, dada. Narudi naye."

"Utaweza?"

"Sijui."

Akaniongezea kiazi kimoja kwenye sufuria. Siku zote tulizokaa hakumgusa tena, na kila asubuhi aliamkiwa kutoka mlangoni.

Kurudi

Msidhani nimeleta mtoto mpya. Kabla ya Rusumo nilimwambia mapema kwamba tukivuka tu tutarudi kulia, akalala kifudifudi mpaka tukavuka salama, nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu. Halafu Kirehe akapasua basi kwa sababu dereva alipita kituo alichotaka yeye tusimame. Na kioo cha pili kutoka mlangoni hapa saluni mmekiona wenyewe jinsi kilivyo.

Kwa simu sikumwambia Baba Teta chochote zaidi ya siku na basi. Tulipofika Kabuga alikuwa pale na pikapu yake, ananingoja mimi. Akashuka Teta kwanza.

Sijui niwaelezeje ule uso. Alikuja mbio, mikono imenyooshwa, kisha akakumbuka, akasimama. Teta naye akasimama, hatua mbili, mikono nyuma.

"Shikamoo, Papa."

Maskini Baba Teta, mtoto wa Mbarara! "Eh... muzima!" akasema. Teta akakunja ngumi. "Sawa! Karibu! Iko muzuri!" Kila neno si lenyewe. Mimi niko mlangoni mwa basi na mabegi, roho mkononi, watu wa soko wameanza kutazama, kidevu cha mtoto kinatetemeka.

Teta alivuta pumzi ndefu.

"Papa, wewe unasema marahaba."

"Marahaba."

"Sasa sema hujambo."

"Hujambo?"

"Sijambo," akasema Teta, akapanda pikapu, akafunga mkanda wake. Baba Teta alibaki amesimama pale Kabuga, anajifuta macho kwa mkono wa shati lenye saruji. Njia nzima mpaka Kinyinya waliamkiana, na kila alipojibu, alinitazama kama mtu aliyepewa zawadi akiogopa kuifungua.

Basi ndiyo hayo. Shule ya nne nimeshaanza kuitafuta, na mwalimu nitamfundisha neno moja kabla ya mengine yote. Nanyi, mkimwona mwanangu amesimama mlangoni mwa saluni na mikono nyuma, zimeni kwanza kikausha nywele. Msimnyooshee mikono. Atasema, nanyi mtajibu, hata kama aliwaamkia sasa hivi. Na wewe Zubeda, yale magauni usinidai niyarudishe. Njoo Jumamosi tukunjue pindo la kwanza. Atakulia hapa.